Historia ya Kukata Faili na Kuziunga

Tangu kompyuta zilipoanza kutunza maandishi, picha na hesabu za watu katika mafungu yanayoitwa faili, hazijapita zama ambazo faili haikukishinda kwa ukubwa chombo kilichotakiwa kuipokea: mara diski ni ndogo, mara waya wa simu haupitishi vya kutosha, mara programu yenyewe imewekewa mpaka na watu ambao, walipokuwa wakiuweka, hawakudhani kwamba yuko mja atakayeufikia. Dawa ilikuwa moja siku zote, nayo ni kuikata faili vipande, kuvipeleka kimoja kimoja, kisha kuviunga upya upande wa pili. Kukata hakujapata kumshinda mtu. Kilichowasumbua mafundi kwa miaka arobaini na zaidi ni kuunga, yaani kupata yakini kwamba vipande vyote vimefika, kwamba vimepangwa kama vilivyokuwa, na kwamba hakuna hata kimoja kilichoharibika njiani. Na kwa hiyo historia nitakayoisimulia hapa, ijapokuwa kwa jina ni ya kukata, sehemu yake kubwa ni ya kuunga.

Mianzo ya habari hii ni mingi, lakini mimi nauchagua ule wa Murray Hill, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, zilipokuwa maabara za Bell za kampuni ya simu ya AT&T. Huko ndiko Ken Thompson na Dennis Ritchie walikoanza, mwaka 1969, kutunga mfumo wa kompyuta uitwao Unix, ambao katika toleo lake la kwanza la mwaka 1971 ulikuwa na amri ndogo iitwayo cat, kazi yake kuchukua faili mbili au zaidi na kuzitoa mfululizo, mwisho wa hii ukigusana na mwanzo wa ile. Amri ya kukata, iitwayo split, haikuonekana mpaka toleo la tatu, mwaka 1973. Basi kwa kadiri ya tarehe kuunga ndiko kulikotangulia, jambo ambalo mimi naliona la haki kabisa. Kompyuta za PDP-11 walizokuwa nazo zilitumia anwani za biti 16, ambazo haziwezi kutaja zaidi ya baiti 65,536, na programu ya kuhariria maandishi ilikuwa na mpaka wake vilevile, ikawa hati iliyouzidi mpaka huo haina budi kugawanywa kwanza ndipo ifanyiwe kazi.

Mtu akiiamuru split bila ya maelezo zaidi, huisoma faili na kila mistari 1,000 huifanya kipande, kisha huvipa vipande hivyo majina ya ajabu kidogo: xaa, xab, xac, kuendelea hata xaz, halafu xba, mpaka kufikia xzz, ambacho ni kipande cha 676, kwa kuwa 26 mara 26 ni 676. Majina haya, ambayo msomaji huenda akayadharau, yamefichwa hikima ndani yake. Lau vipande vingaliitwa x1, x2, x3 hata x10 na x11, kompyuta, ipangapo majina kwa taratibu ya alfabeti, ingaliitanguliza x10 mbele ya x2, maana hulinganisha alama ya pili ya jina hili na ya pili ya jina lile, ikaona moja ni ndogo kuliko mbili, ikaridhika na hukumu hiyo bila ya kutazama mbele. Na mwenye kuunga kwa amri fupi ya kutaja kila kinachoanza kwa x angalipata hati ambayo sura yake ya kumi inaifuata ya kwanza. Kwa majina yaliyo sawa kwa urefu, yote ya herufi, mpangilio wa alfabeti na mpangilio wa hati vikawa kitu kimoja, na anayeunga hana haja ya kukumbuka chochote.

Walakini split iliacha mlango mmoja wazi. Haikuandika popote idadi ya vipande ilivyovikata, wala haikuweka ndani ya kipande neno la kusema kwamba mimi ni wa tatu katika saba. Xad kikipotea, cat huunga xac na xae bila ya kunung'unika, hutoa faili iliyo nzima kwa sura na pungufu kwa kweli, na upungufu huo hugunduliwa na msomaji wa hati, kama yumo wa kuisoma. Katika chumba kimoja cha maabara, ambamo aliyekata ndiye aliyeunga, na yote mawili kayafanya katika saa moja, halikuwa neno kubwa. Likawa neno kubwa vipande vilipoanza kusafiri.

Safari zenyewe zilianza kwa simu. Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, katika jimbo la North Carolina, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni njia ya kupelekeana makala baina ya kompyuta za Unix, ikaitwa Usenet: kompyuta moja ikaipigia nyingine simu, aghalabu usiku malipo yalipokuwa nafuu, zikabadilishana zilizokuwa nazo, na ile ya pili ikaipigia ya tatu. Njia hiyo ilitengenezwa kwa maandishi ya Kiingereza na si zaidi. Ilhali programu na picha ni baiti za kila thamani, tangu 0 hata 255, ambazo nyingi kati yake zilitupwa njiani au zilidhaniwa kuwa ni amri. Tadbiri ilipatikana mwaka 1980 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako Mary Ann Horton aliandika programu ya uuencode. Hiyo huchukua baiti tatu, ambazo ni biti 24, huzigawa mafungu manne ya biti sita sita, na kila fungu, ambalo kwa biti sita haliwezi kuzidi 63, huliongezea 32 ili liangukie katika alama zinazochapika na kusafiri salama. Kila mstari ulibeba baiti 45, zikawa herufi 60, na mwanzoni mwake ikaandikwa kwa kanuni ileile idadi ya baiti zilizomo. Na kwa kuwa 45 na 32 ni 77, nayo 77 ni nambari ya herufi M, kurasa nzima za risala hizo zilikuwa ni mistari inayoanza kwa M, na mzoefu alizitambua kabla ya kusoma lolote.

Bei ya usalama huo ilikuwa ni unene: kila tatu zikawa nne, na alama za mistari juu yake. Nayo baadhi ya programu za kupokea makala hazikukubali makala inayozidi baiti 64,000 hivi, kwa sababu zilezile za biti 16 nilizozitaja. Ndipo picha moja ikapelekwa kwa makala tisa au kumi na mbili, na mpelekaji akaandika kwa mkono wake katika kichwa cha kila makala 1/9, 2/9, na kadhalika. Tazama kazi aliyoachiwa mpokeaji: azihifadhi makala zote tisa, azifungue moja moja katika programu ya kuhariri, afute salamu na anwani zilizo juu na saini iliyo chini, azipange, azigandishe, kisha aikabidhi uudecode, programu iliyo kinyume cha uuencode, faili iliyopatikana, na akifuta mstari mmoja zaidi ya ilivyopasa, au akisahau kufuta mmoja, amali yote ikawa bure. Hayo ni kama zote zimefika. Makala ya sita ingeweza kuchelewa siku mbili nyuma ya ya saba, kwa kuwa kila moja ilipita kompyuta zake, na ingeweza kutofika kabisa, na hapo palikuwa hapana la kufanya ila kumwandikia mwenyewe na kumwomba airudie.

Jambo la idadi na mpangilio lilipewa kanuni rasmi mwezi wa Juni 1992, pale Nathaniel Borenstein na Ned Freed walipotangaza taratibu za MIME za barua za kompyuta, ambazo ndizo zinazotuwezesha hata leo kuambatisha picha katika barua. Ndani ya taratibu hizo walitenga mlango wa barua zilizogawanywa, wakaagiza kila kipande kibebe mambo ya utambulisho: jina la barua kilikotoka, nambari yake, na jumla ya vipande. Jumla ililazimu kutajwa katika kipande cha mwisho tu, kwa hisani ya mwenye kukata faili ambayo bado hajaufikia mwisho wake. Ilikuwa kanuni nzuri, ikatumiwa kidogo; watu walikwisha kuzoea njia nyingine, iliyoletwa na diski.

Diski laini ya kwanza, ya inchi 8, ilitoka IBM mwaka 1971 ikibeba kilobaiti 80 hivi. Ya inchi 5.25 ikafuata mwaka 1976. Na ya inchi 3.5, iliyotolewa na Sony ya Japani mwaka 1981, ndiyo iliyokuja kutawala, hasa baada ya mwaka 1987 ilipopata ujazo wake mashuhuri. Diski hiyo ina nyuso mbili, kila uso una njia 80, kila njia ina mafungu 18, na kila fungu lina baiti 512. Zidisha, utapata baiti 1,474,560. Iliandikwa juu yake megabaiti 1.44, hesabu isiyokuwa sahihi kwa mizani yoyote, kwani ukiifanya megabaiti kuwa baiti milioni utapata 1.47, na ukiifanya baiti 1,048,576 utapata 1.41, hiyo 1.44 hupatikana kwa kuchanganya mizani mbili, 1,000 mara 1,024, na ulimwengu mzima uliisoma kila siku kwa miaka kumi na tano pasipo kushtakiana.

Katika kompyuta za MS-DOS kulikuwa na mtego ambao sijui kama upo mwingine wa kuufananisha nao kwa udogo wa sababu na ukubwa wa madhara. Amri ya COPY iliweza kuunga, kwa kuweka alama ya kujumlisha baina ya majina ya vipande. Lakini mwenye kuitumia hivyo kwa programu au picha alipata faili fupi mno, mara nyingine theluthi, mara nyingine baiti chache. Asili yake ni mfumo mkongwe wa CP/M, uliozipima faili kwa mafungu ya baiti 128 na haukujua urefu halisi ulio chini ya hapo, hata mwisho wa maandishi ukabidi uonyeshwe kwa alama maalumu, nambari 26. MS-DOS ilijua urefu wa faili kwa baiti, haikuihitaji alama hiyo, lakini iliirithi. Na COPY ilipoambiwa iunge, ilidhani imepewa maandishi, ikasoma kila kipande mpaka ilipokutana na 26 ya kwanza, ikaacha hapo. Katika maandishi ya kawaida 26 haimo. Katika programu au picha, ambayo baiti zake ni za kila thamani, haikosekani. Ilimpasa mtu aandike /B, kwa maana ya kwamba vipande hivi si maandishi, visomwe mpaka mwisho wake wa kweli. Herufi moja na mkwaju, ambavyo asiyeambiwa hakuwa na njia ya kuvidhania.

Waliowaokoa watu na mambo haya ni watunzi wa programu za kubana faili. Phil Katz wa Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin, alianzisha kampuni ya PKWARE mwaka 1986 na akatoa PKZIP mwaka 1989. Robert Jung akafuata na ARJ mwanzoni mwa miaka ya 1990. Na Eugene Roshal, Mrusi, akatoa RAR mwaka 1993. Nia yao ya awali ilikuwa kupunguza unene, lakini aliyekwisha kuibana faili na akaona bado haienei katika diski moja alitaka jibu, na ARJ ilimjibu vizuri kuliko zote: aliitajia ujazo wa diski, nayo ikajaza ya kwanza, ikangoja abadilishe, ikajaza ya pili, na vipande vikaitwa .arj, .a01, .a02, kila kimoja kikiwa na maelezo yake mwenyewe kichwani. RAR ilifuata mtindo huohuo kwa .rar, .r00, .r01. ZIP ilikuwa na desturi yake iliyowachekesha wengi na kuwaudhi wengine. Orodha ya yote yaliyomo huandikwa mwishoni, kwa kuwa ndipo inapojulikana, na kwa hiyo mtu aliyekuja na diski zake saba alitakiwa kwanza aingize ya saba, kisha ya kwanza, halafu kwa mpango hata airudie ya saba.

Lililo kubwa kuliko majina ni kwamba programu hizi zilitia muhuri. Wesley Peterson alikwisha kueleza mwaka 1961 namna ya kuzichukua baiti zote za risala kama kwamba ni nambari moja ndefu, kuzigawa kwa kigawanyo maalumu, na kukitunza kinachobaki. Mpokeaji hufanya mgawanyo uleule, na akipata baki nyingine hujua kwamba risala imeguswa njiani. Baki hiyo, katika programu tunazozungumzia, ilikuwa ya biti 32, ambayo ina sura 4,294,967,296, na faili iliyoharibika kwa bahati tu ni muhali mkubwa iangukie ileile. Kwa mara ya kwanza katika historia hii kompyuta yenyewe ilisema: kipande cha nne ni kibovu. Ilisema, lakini haikuponya, na kulikuwa na uchungu wa pekee katika kupewa habari hiyo na mashine baada ya kuingiza diski kumi na moja.

Wala hawakuwa watu binafsi tu waliokata. Windows 95, iliyotolewa tarehe 24 Agosti 1995, iliuzwa pia kwa diski laini, nazo zilikuwa 13. Na ili zisiwe nyingi zaidi, Microsoft ilizipanga zote, ila ya kwanza, kwa mafungu 21 katika kila njia badala ya 18, kila moja ya hizo ikabeba baiti 1,720,320. Patrick Volkerding alipotoa Slackware mwaka 1993, moja katika mikusanyo ya mwanzo ya Linux, alizigawa diski zake kwa milango yenye majina ya herufi, A kwa mambo ya lazima, N kwa mtandao, X kwa madirisha, na anayetaka kidogo akachukua kidogo. Huo ulikuwa ukataji wenye busara, uliofuata maana ya vitu na si urefu wake tu, nami nasikitika kwamba haukupata wafuasi wa kutosha.

Sasa nitarudi nyuma kidogo, kwa sababu dawa ya kipande kilichopotea ilikuwa imekwisha kutungwa kabla ya split kuzaliwa. Mwaka 1960 wanahisabati wawili wa Maabara ya Lincoln ya chuo cha MIT, Irving Reed na Gustave Solomon, walichapisha makala fupi ya kurasa chache juu ya namna ya kuongeza kwenye risala nambari za ziada, zenye uwezo wa kuzirejesha zile zitakazopotea, zozote ziwazo, maadamu zilizopotea hazizidi zilizoongezwa. Kwa mfano mdogo kabisa: una vipande vitatu, 14, 9 na 20, ukapeleka na cha nne ambacho ni jumla yao, 43. Kikipotea 9, mpokeaji hutoa 14 na 20 katika 43, akabakiwa na 9. Kikipotea 20, hufanya vivyo hivyo. Na kikipotea 43 chenyewe hana hasara. Hiyo ni kwa kipande kimoja. Reed na Solomon walionyesha mlinganyo wa pili, na wa tatu, na zaidi, kwa hesabu ambazo nambari zake haziongezeki ukubwa hata zikizidishwa. Ilichukua miaka mpaka mashine zikaweza kuzifanya upesi. Vyombo vya Voyager, vilivyorushwa angani mwaka 1977, vilizitumia, na sahani ya muziki ya CD, iliyotokea mwaka 1982, huendelea kuimba ikiwa imekwaruzwa kwa sababu yake.

Usenet ilizipata hesabu hizo mwaka 2001, kwa mpango ulioitwa Parchive. Faili iliyokatwa vipande hamsini vya RAR ilifuatwa na vipande vingine, tuseme vitano, ambavyo peke yake havina maana yoyote; na aliyekosa vipande vitano vyovyote kati ya hamsini alivitumia hivyo badala yake, akapata vyake vilivyopotea, herufi kwa herufi. Zingatia uzuri wa jambo hili. Mpelekaji hakujua ni nani atakosa nini. Huyu alikosa cha 7, yule cha 31, na vipande vilevile vitano viliwatosha wote wawili. Dua za kuomba makala irudiwe zilipungua.

Mwaka huohuo wa 2001, mwezi wa Julai, kijana wa Kimarekani jina lake Bram Cohen alitangaza programu aliyoiita BitTorrent, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyofika mbali kuliko zote, kwa sababu ilikata bila ya kumtaka mtu akate. Mwenye faili hutengeneza waraka mdogo tu. Ndani ya waraka huo faili imegawanywa kwa hesabu, mathalani kila kilobaiti 256 kipande, na kwa kila kipande pameandikwa alama yake ya baiti 20, iliyopatikana kwa kanuni ya SHA-1. Faili ya megabaiti 700 ina vipande 2,800, na alama zao zote ni baiti 56,000, yaani barua ndogo. Aliye na waraka huomba vipande kwa yeyote aliye navyo, na akisha kupata kimoja huanza kuwapa wengine, wala hapana cha kwanza wala cha mwisho. Mwenye kutaka kuielewa tadbiri hii na aikumbuke khitima isomwavyo msikitini: juzuu thelathini hutolewa sandukuni, kila msomaji akapewa yake, wala wa juzuu ya ishirini hangoji wa juzuu ya kwanza amalize, na zote zikisha kusomwa Kurani imekhitimiwa. Lakini wasomaji wa khitima ni jamaa wanaojuana, ilhali hawa wa BitTorrent hawajuani, na miongoni mwao huenda yumo mwenye kutoa kipande kibovu kwa ujinga au kwa khiana. Ndipo ule waraka unapofanya kazi. Kila kipande kikifika hupimwa kwa alama yake. Kisipolingana hutupwa, kikaombwa kwingine. Na mtu akaweza kupokea kwa wageni mia faili asiyoitilia shaka hata baiti moja.

Na iko hikima nyingine humo ambayo haisifiwi inavyostahiki. Programu haiombi vipande kwa mfuatano. Huomba kwanza kile kilichoko kwa watu wachache kuliko vyote. Sababu ni kwamba mwenye faili nzima anaweza kuizima kompyuta yake wakati wowote akaenda zake, na akiondoka yeye peke yake akiwa na kipande cha 1,904, watu elfu watabaki na faili yenye tundu, kila mmoja akimtazama mwenzake. Kwa kukitafuta kilicho adimu mapema, adimu huwa kingi, na mwenye faili anaweza kuondoka pasipo kumdhuru mtu. Mimi sijaona katika historia yote hii kanuni fupi kuliko hiyo iliyofanya kazi kubwa kiasi hicho.

Kwetu Afrika ya Mashariki mambo haya yalifika kwa kuchelewa na kwa njia zake. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, mwaka mmoja tu baada ya split, na marufuku hayo yalipokuja kulegezwa katika miaka ya 1980 diski laini ilikwisha kuwa jambo la kawaida kwingineko. Intaneti yenyewe, ilipokuja, ilipitia setilaiti, ghali na ya polepole, na mtu aliyekaa katika intaneti kafe ya Kariakoo au Mombasa akilipa kwa dakika alijua thamani ya faili iliyokatwa: ukikatika umeme hasara yako ni kipande kimoja, na kesho unaanzia ulipoishia. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika pwani yetu, TEAMS ikiunganisha Mombasa na Fujairah ya Ghuba, na SEACOM ikianza kazi mwezi wa Julai kwa kupitia Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka huohuo Apple ilitangaza njia ya kupeleka video kwa vipande vya sekunde kumi hivi, ambavyo simu huviomba kimoja baada ya kimoja na kuviunga ndani kwa ndani, hata mtazamaji haoni mahali pa mshono. Na tangu hapo sehemu kubwa ya ukataji duniani hufanywa bila ya mwanadamu kuhusika.

Imebakia flashi. Mpango wa FAT32, uliokuja na Windows 95 katika toleo lake la pili mwaka 1996, huandika urefu wa kila faili kwa biti 32, na kwa hiyo faili haiwezi kuzidi baiti 4,294,967,295, hata flashi iwe na nafasi mara kumi ya hiyo; ndiyo maana mtu huambiwa faili ni kubwa mno huku akiiona nafasi tele kwa macho yake. Microsoft ilitoa exFAT mwaka 2006 kuondoa kizuizi hicho, na kadi za memori zinazozidi gigabaiti 32 hutoka kiwandani zikiwa na mpango huo. Lakini redio nyingi za magari na televisheni nyingi za miaka ya nyuma hazisomi ila FAT32, na mwenye duka anayemjazia mteja filamu katika flashi humuuliza kwanza itachomekwa wapi, kisha huamua kama ataibana ipungue ubora, au ataigawa nusu mbili na kuziandika 1 na 2.